Ushauri: nimempa mama mmoja hifadhi, sasa presha imezidi

Mama_Kaptembwo
Hamjambo. Niko hapa Nakuru. Mimi ni mwenyekiti wa kina mama kanisani, na Mungu amenipa mzigo wa wanawake wanaopigwa. Nilianza kwa kuwaombea, nikaona maombi peke yake hayapozi jicho lililovimba. Ndiyo nikaanza kuwalaza chumba cha nyuma, kuwasindikiza hospitali na kituo cha polisi. Mzee wangu ni dereva wa lori, muda mwingi yuko barabara ya Malaba, na hajawahi kulalamika. Sasa kuna mmoja ako hapa na mtoto mchanga. Bwana yake anamtafuta. Wazee wa kanisa wanataka nimrudishe wapatanishwe. Nifanyeje? Tafadhali msinitukane.

Fundi_wa_Rhonda
Wa kwanza hapa. Hicho chumba cha nyuma kikiwa wazi niambie, natafuta.

Nyar_Kisumo
Pole dada. Hospitali kwanza, daktari aandike kila alama. Halafu dawati la jinsia pale polisi, achukue fomu ya P3, ile ya kuandikiwa majeraha kwa ajili ya kesi. Haiuzwi hiyo, mkiitishwa pesa kataeni. Akiogopa kituo apige 1195, namba ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili, ni bure, usiku na mchana. Mimi nilikaa na dada yangu huku Kondele mpaka akapona. Akamrudia mtu wake, na sufuria zangu akabeba. Mpaka leo sijaziona.

Shemasi_K
Mungu anachukia kuachana, someni Malaki 2. Usivunje ndoa za watu kwa jina la huduma.

Wakili_wa_Kijiweni
Shemasi, malizia mstari. Hapo hapo anakemewa anayejifunika udhalimu kama nguo. Tena kikao cha wazee si korti. Kuna sheria ya 2015 ya ukatili wa nyumbani: mama anaomba amri ya ulinzi, bwana akiivunja anashikwa. Lakini mleta uzi, kuna kitu umekalia. Umesaidia wengi, mbona huyu ndiye anakukosesha usingizi? Bwana yake ni nani?

Mama_Kaptembwo
Ni mtu anajulikana tu.

Fundi_wa_Rhonda
Anajulikana kama gavana ama kama muuza mandazi?

Mama_Kaptembwo
Haya. Ni shemeji yangu, kitinda mimba wa kwao. Mzee wangu hajui kama mke wa ndugu yake analala kwetu. Na kabla hamjanihukumu: kesho asubuhi anapanda gari kwenda Kisumu kwa dada mmoja wa kanisa, nauli nimeshalipa. Mzee nitamwambia akishafika. Yule Msamaria naye hakuitisha kikao.

Nyar_Kisumo
Kesho? Sasa ushauri ulikuja kuomba wa nini?

Wakili_wa_Kijiweni
Msamaria hata hakumpeleka kwake. Alimlaza nyumba ya wageni, akamwachia mwenye nyumba dinari mbili, akaenda zake. Shemeji akija usiku atamkuta nani hapo? Ni wewe, peke yako. Na umetaja mji anaoenda mbele ya watu wote. Futa hiyo sasa hivi.

Boda_Lanet
Ngojeni kwanza. Hii ni hekaya. Huyu mwaka jana kwenye uzi wa kuku alisema yeye ni mjane.

Fundi_wa_Rhonda
Kweli! Nimeupata. Kuku walikuwa wanaharisha kijani. Nilimwambia ni kideri, akabisha.

Shemasi_K
Nilijua. Wavunja ndoa na uongo ni pete na kidole.

Nyar_Kisumo
Shemasi, hata kama ni uongo, wewe ungemrudisha huyo mama kwa nani?

Shemasi_K
Tuongelee uongo kwanza.

Mama_Kaptembwo
Si uongo. Aliyeandika ya kuku ni mama mkwe, yeye ndiye mjane. Hii akaunti tunatumia sote.

Wakili_wa_Kijiweni
Mnatumia mpaka leo? Yaani mama mzazi wa huyo bwana anaweza kufungua asome haya yote?

Mama_Kaptembwo
Haingii siku hizi. Anaingia tu akitaka bei ya mayai.

Nyar_Kisumo
Mayai yamepanda juzi, dada!

Wakili_wa_Kijiweni
Acha kuandika. Badilisha neno la siri, halafu piga 1195 uwaulize wapi kuna makao salama yasiyojulikana na watu wa ukoo wenu.

Boda_Lanet
Mimi bado siamini. Lakini kama ni kweli, hilo gari la kesho asubuhi asipande.