Dalali wa Mafinga kaniuzia dingdong, ile mashine ya kupasulia mbao kwa msumeno wa duara, na msumeno una ufa uliofichwa kwa rangi. Nusura niue mtoto wa watu!

Wakuu, naandika hapa mikono bado inatetemeka, mnivumilie.

Nina ekari tatu za misindano huku Lupembe, Njombe. Alipanda marehemu baba, ina zaidi ya miaka 20 sasa. Sikutaka biashara. Nilitaka nipasue mbao zangu mwenyewe, nipaue nyumba ya mama na banda la ng'ombe, basi. Wapasuaji wa kuzunguka wanataka walipwe kwa kila ubao na bado wanakuachia mabanzi manene kama wamechonga kwa panga. Nikasema nitafute mashine iliyotumika, niifunge nyumbani.

Nikapata dalali Mafinga. Simtaji jina. Bei 3,800,000 na Fuso la kuileta juu yangu. Nilifika saa tatu asubuhi nikakuta injini imeshawashwa, ya moto, inanguruma vizuri. Nikamwambia tupasue gogo moja nione. Akasema magogo yameisha. Mafinga! Mji ambao magogo ya Sao Hill yanapita barabarani usiku na mchana, mtu anakwambia hana gogo la kujaribia, na mimi nikakubali. Hapo ndipo nilipoliwa.

Fremu ilikuwa imepakwa rangi ya kijani, bado inanata. Akanihakikishia, "Mzee, hii unaitua chini tu, unapasua." Uongo mtupu. Udongo wetu ukinyeshewa unakuwa kama uji. Wiki ya kwanza mguu mmoja ulizama, mbao zikatoka upande huu inchi 2, upande ule inchi moja na robo. Nikanunua saruji, nikamwaga zege, nikaifunga kwa boliti, nikapima kwa pima maji na kamba siku nzima. Gharama ambayo hakuna aliyenitajia.

Bado msumeno ukawa unapiga mawimbi. Ukiusimamisha unaona umenyooka, ukiuwasha unacheza kama bati kwenye upepo, na ukiingia kwenye gogo unatoa moshi. Nikadhani ni utomvu wa msindano, nikauosha kwa mafuta ya taa. Wapi!

Jumanne ndiyo siku iliyonivunja. Nilikuwa na kijana wa dada yangu, miaka 19, anavuta ubao kwa nyuma. Gogo lilipofika katikati, mpasuo ukajibana nyuma ya msumeno, meno ya nyuma yakalidaka, na gogo la futi 8 likarushwa kuja upande wangu. Lilinipita kwenye nyonga likavunja nguzo ya banda. Kijana alianguka chali, akabaki amekaa kwenye maranda hasemi neno. Nilimshika kichwa, kifua, miguu, namuuliza unaumwa wapi, hanijibu. Alikuwa mzima, ashukuriwe Mungu. Ila ile sura yake sitaisahau.

Jana nikamleta fundi kutoka Makambako. Kitu cha kwanza alichouliza: "Kile kisu cha nyuma ya msumeno kiko wapi?" Kumbe huwa kuna bapa la chuma linasimama nyuma ya msumeno kuuweka mpasuo wazi ili mti usijibane. Kwenye fremu yangu matundu ya boliti zake yapo, yamezibwa kwa rangi! Mtu alikifungua akakiuza chuma chakavu.

Kisha akaushusha msumeno, akauning'iniza kwenye kamba, akaugonga kwa kinyundo. Mzima hulia kama kengele. Wangu ulilia kama sufuria iliyopasuka. Akakwangua rangi kwa kisu: ufa wa urefu wa kidole gumba, unaanzia kati ya jino na jino, umechomelewa juu juu na kusagwa kwa grainda usionekane. Rangi juu.

Halafu puli, yale magurudumu ya mkanda unaotoa nguvu kwenye injini kupeleka kwenye msumeno. Injini inazunguka mara 2,200 kwa dakika, yenyewe ina puli ya inchi 6. Fundi anasema kwenye shafti ya msumeno ilipaswa kukaa ya inchi 12, ili msumeno uende 1,100. Nimefungiwa ya inchi 8. Hiyo ni mizunguko 1,650! Msumeno wa inchi 36 ukingo wake ulipaswa kwenda kama mita 53 kwa sekunde, mimi nilikuwa naukimbiza mita 79, na una ufa. Kipande kingeruka, kingempata nani? Yule kijana.

Nimempigia dalali mara kumi na moja. Mara ya mwisho alipokea akasema "mzee, mali iliyotumika haina gwaranti", akakata. Sidai gwaranti. Uchakavu ningeuvumilia, shafti na beringi ningebadili mwenyewe. Ila kuchomelea ufa na kuupaka rangi, ukijua kuna mtu atasimama mbele yake, huko ni kuuza kifo. Jumatatu naenda polisi Mafinga na huo msumeno.

Ninachoomba kwenu: aliyewahi kununua mashine kwa dalali yeyote pale akakuta mchezo huu aseme, tuwe wengi. Na mwenye fundi wa kweli wa kunyoosha shafti kwenye leti (mashine ya kuchongea vyuma), Iringa au Njombe, anielekeze. Picha za ufa naziweka kesho asubuhi, sasa hivi giza na umeme umekatika.