Merikani, tripleksi au turubai la dukani? Mandhari za kutundikwa Lubumbashi, kisha Kolwezi

Kichuguu_Chekundu
Jambo wote. Swali ni la mchoraji wa mandhari ambaye ndiye pia komisea wa maonyesho, yaani anayechagua picha na kupanga ukumbi. Ukumbi uko Lubumbashi, kuta tatu: mbili za mita 8, moja ya mita 5. Wachoraji sita, tablo 20, zote za sm 60 kwa 80 na zote za kulala: miombo ya Septemba, ziwa la Kipopo, kile kilima cheusi cha mabaki ya kiwanda na bomba lake la moshi. Kazi inaanza Julai, ufunguzi ni katikati ya Novemba, na baada ya wiki tatu kila kitu kinapanda gari kwenda Kolwezi. Wote wachoree juu ya nini, na kwa rangi gani? Mafuta au akriliki? Na je, komisea atundike picha zake mwenyewe?

Fundi_Shasi
Tripleksi, yaani mbao nyembamba ya tabaka (plywood), ya mm 4. Bamba moja la sm 122 kwa 244 linatoa vipande sita vya 60 kwa 80, hata ukitoa kinacholiwa na msumeno. Mabamba manne yanakutosha, tena vinabaki vipande vinne vya majaribio. Kipande kimoja kina kilo moja na kidogo kabla ya kuwekewa fito.

Kosa linalojirudia ni kupaka uso peke yake. Mvua za kwanza zikifika, mgongo usiopakwa unakunywa unyevu na kuvimba, uso unabonyea ndani. Chukua gundi nyeupe ya mbao, sehemu moja kwa maji sehemu mbili, paka pande zote mbili na kingo zote nne. Kingo zipake mara mbili, maana ndiko mbao inakokunywa zaidi. Ikikauka, piga msasa laini, kisha gundisha fito za sm 2 kwa 3 kuzunguka mgongo na moja katikati. Bila fito, mm 4 haitabaki imenyooka hadi Desemba. Na usiziegemeze sakafuni kwa miezi, mchwa hawachagui mbao ya msanii.

Mama_Turubai
Fundi, kwa mbao nakusikiliza, ila mandhari inataka nguo. Anga ikipakwa juu ya tripleksi brashi inateleza, michirizi inabaki. Merikani, ile nguo ya pamba ghafi, ina meno yanayoshika rangi. Anayedhani nguo ya bei ndogo haidumu akumbuke mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu wa hapa kwetu: picha zake za historia za miaka ya 1970 zilichorwa juu ya nguo za magunia ya unga, na hadi leo nyingi zimehifadhiwa katika makumbusho huko Amsterdam.

Shida ya merikani ni maandalizi. Inatoka dukani na wanga. Usipoitoa, gundi haiingii ndani ya uzi, na baada ya muda rangi inabanduka kama magamba. Iloweke katika maji ya moto, ifue, ianike, ipige pasi. Itapungua, kwa hiyo usikate kabla ya kufua. Kata 75 kwa 95 ili upate ya kukunja nyuma.

Unapoivuta juu ya shasi (fremu ya fito), anza katikati ya kila upande, ukipiga agrafu (pini za stepla) kwa kukabiliana, pembe ziwe za mwisho. Usiikaze kama ngoma, gundi itaikaza yenyewe. Ukizidisha, shasi inajipinda na kona moja inasimama mbali na ukuta. Tena ukingo wa ndani wa fito uchongwe mteremko. Fito ikigusa nguo, baada ya miezi michache unatokea mstari kuzunguka picha yote, sm 4 hivi kutoka ukingoni, na kwenye mandhari mstari huo unapita katikati ya anga. Hakuna wingu litakaloufunika.

Weupe wa chini: gundi 1, maji 1, chaki ya unga iliyochekechwa 2, unga mweupe wa titani nusu. Tabaka tatu nyembamba, kila moja ikikatisha iliyotangulia. Tabaka moja nene linapasuka mara tu picha ikigongwa.

Yaya_Kobalti
Nyongeza juu ya weupe huo: msitumie rangi ya ukuta ya ndoo ya bei ya chini. Ina vijazo vingi na gundi kidogo. Pitisha kidole, unga unabaki kidoleni, na rangi yako itakuwa imesimama juu ya unga huo.

Mafuta au akriliki? Kwa tarehe hizo, akriliki. Mafuta yaliyopakwa nene mwezi wa Septemba bado ni mabichi ndani mwezi wa Novemba. Verni ya mwisho, ule mng'ao wa kulinda picha, inataka kusubiriwa miezi sita hadi kumi na miwili. Halafu Agosti na Septemba ndiyo miezi ya vumbi jekundu, na mafuta mabichi yanalishika lote. Mwenye kushikilia mafuta apake tabaka nyembamba, na usiku ageuze picha uso uelekee ukutani, imeinama mbele kidogo. Mafuta juu ya akriliki yanawezekana. Akriliki juu ya mafuta, hapana: haishiki.

Jambo moja kuhusu miombo. Majani mapya ya Septemba yana wekundu wa shaba, na wengi wanachukua nyekundu ya tubu moja kwa moja. Anzeni na siena ya kuchomwa (kahawia nyekundu) na okra ya njano (rangi ya udongo), kisha wekeni kando yake kijivu cha zambarau cha vigogo. Kijivu hicho ndicho kinachowasha shaba. Akriliki inakauka ikiwa nyeusi kidogo kuliko ilivyo mbichi, kwa hiyo changanyeni daraja moja la mwanga zaidi, mkijaribu kwanza pembeni.

Kichuguu_Chekundu
Aksanti sana Mama, Yaya na Fundi. Turubai la dukani je? Wawili kati ya sita wanalo tayari.

Fundi_Shasi
Walitumie. Wakague shasi tu: iweke mezani, ikicheza kwenye kona moja imeshapinda. Nyingi zina fito nyembamba za mm 18 na kabari nane ndani ya mfuko mdogo. Kabari hizo wasizitupe. Mvua zikilegeza turubai, zigongwe polepole, kona kwa kona.

Ukuta_Mtupu
Tablo 20 hazikai vizuri humo, zinakaa 18. Hesabu: ukuta wa mita 8 unachukua saba. Upana wao ni sm 560, zinabaki 240, gawa kwa nafasi nane: sm 30 kila moja. Ukuta wa mita 5 unachukua nne: zinabaki 180, nafasi tano za sm 36. Mandhari ikibanwa inakula mandhari jirani, jicho linaunganisha anga mbili. Nafasi chini ya sm 30 singekubali.

Katikati ya kila picha iwe sm 150 kutoka sakafuni. Msumari: 150, jumlisha nusu ya urefu wa picha, toa umbali wa waya uliovutwa hadi ukingo wa juu. Kwa picha ya sm 60 yenye waya sm 8 chini ya ukingo: 150 + 30 − 8 = 172. Tumia ndoano mbili kwa kila tablo, haitapinda mlango ukibamizwa. Msilinganishe mistari ya upeo wa macho, kwa sababu ukuta mzima utasomeka kama utepe mmoja.

Umeme ukikatika mtategemea madirisha. Kwetu, kuanzia mwisho wa Oktoba hadi katikati ya Februari jua la mchana linapita upande wa kusini, kwa hiyo dirisha la kaskazini linatoa mwanga mtulivu. Mbele ya dirisha la magharibi msitundike kitu chenye verni, alasiri yote kitakuwa kioo.

Picha za komisea: kuna wanaosema asiweke hata moja. Naona hilo ni kali mno kwa mji ambao wachoraji wenyewe ndio wanaofungua milango. Ila ziwe mbili tu, zichaguliwe na mmoja wa wale watano wengine, zisikae kwenye ukuta unaotazamana na mlango, na bei zake ziandikwe kwa karatasi ileile pamoja na za wenzake kabla ya kutundika. Karatasi hiyo iwe na jina, mwaka, urefu kwa upana, bei, asilimia ya ukumbi na hali ya picha mbele na nyuma, pamoja na foto. Kwenye kibandiko andikeni ukweli: “akriliki juu ya merikani”. Mnunuzi ana haki ya kujua.

Mama_Turubai
Kwa safari ya Kolwezi: plastiki ya mapovu isiguse akriliki, inaacha alama za duara ambazo hazitoki. Tangulizeni karatasi ya kuokea, kisha kadibodi, mapovu yawe ya nje. Tablo zisimame wima, uso kwa uso, mgongo kwa mgongo, kadibodi kati yake. Atakayetaka kukunja merikani kama mkeka azungushe rangi ikiwa nje, juu ya bomba la sm 15 au zaidi, na asifanye hivyo alfajiri ya Juni au Julai: akriliki ikipata baridi inakuwa ngumu na kupasuka. Novemba hakuna hofu hiyo.

Kichuguu_Chekundu
Basi: merikani kwa wanne, turubai lao kwa wale wawili, akriliki kwa wote, tablo 18. Vya tripleksi vitakuwa vibao vya majaribio ya rangi. Kesho ni kutafuta merikani sokoni, mita 10 za upana wa 150.

Mama_Turubai
Chukua 12. Itapungua ukifua.