Fomu ya kujiandikisha kupiga kura, na maneno ya chumba cha chai

Kutoka: Binti wa Igoma, Hull

Shikamooni wakubwa. Wenzangu, habari za siku.

Nina miaka miwili na ushee huku, nafanya kazi ya kea kwenye nyumba ya wazee. Wiki hii imeingia barua ya kaunsili, haina jina la mtu, ina anwani tu. Wanataka tuandike watu wote wanaoishi humu ndani na uraia wao, kwa ajili ya daftari la wapiga kura. Ninayepanga naye ni Mghana. Anasema tuitupe, sisi watu wa viza, tukijiandika tutaonekana tunaingilia mambo ya wenye nchi. Mimi naogopa kuitupa na naogopa kuijaza.

La pili ni gumu zaidi. Kwenye chumba cha chai wenyeji bado wanagombana juu ya ile kura ya 2016 ya kujitoa Umoja wa Ulaya, utadhani imepigwa juzi. Kuna dada wawili hawakai meza moja kwa ajili hiyo. Na kuna mzee mmoja ninayemhudumia asubuhi, alikuwa baharia wa meli za uvuvi, kaniuliza wazi: "Wewe ungepiga wapi?" Nikanyamaza. Mwaka ule nilikuwa kidato cha pili Mwanza. Ninachokumbuka ni mjomba aliyekuwa London kupunguza hela ya ada, akasema paundi imeanguka. Naomba mnisaidie, mtu kama mimi anajibu nini?

Kutoka: Kaka wa Pasiansi, Reading

Usiitupe. Barua hiyo ni ya nyumba, na sheria inataka ijibiwe, la sivyo mnaweza kupigwa faini ya hadi paundi 1,000. Kuijibu si kupiga kura, ni kusema nani anaishi hapo.

Kuhusu haki yenyewe: raia wa nchi za Jumuiya ya Madola mwenye ruhusa halali ya kuishi Uingereza anaandikishwa na kupiga kura zote, ya diwani na ya mbunge. Tanzania imo, Ghana imo. Viza yako haiguswi. Utahitaji namba yako ya bima ya taifa, dakika tano mtandaoni. Ukifika mahali pa kuulizwa kama jina liingie daftari la wazi, kataa, maana hilo linauzwa kwa wafanyabiashara. Faida nyingine ambayo watu hawaisemi: benki na kampuni za simu hutazama daftari hilo kabla ya kukukopesha. Mimi nilinyimwa simu ya mkataba mara mbili, nilipojiandikisha nikaipata.

La chumba cha chai namwachia Mzee wa Kirumba.

Kutoka: Mzee wa Kirumba, Mwanza

Marahaba mwanangu. Mwangaluka wote.

Nimeishi Grimsby miaka kumi na mitano kabla ya kurudi nyumbani. Grimsby ni ng'ambo tu ya mto Humber kutoka hapo ulipo, kwa hiyo huyo mzee wako namwelewa kana kwamba nimekaa naye.

Nianzie huku ziwani. Mwaka 1999 nilikuwa kibarua kwenye kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Mwezi Aprili Umoja wa Ulaya ukafunga soko kwa samaki wote wa Ziwa Victoria, kwa sababu upande wa Uganda watu walikuwa wakivua kwa sumu. Sisi hatukuwa tumetia sumu popote. Lakini asubuhi hiyo tulifika getini tukaambiwa hakuna kazi, na ikawa hakuna kazi kwa miezi kadhaa. Mitumbwi ikalala mwaloni, bei ya sangara ikashuka mpaka kina mama waliozoea kununua mapanki, yaani mifupa na vichwa vinavyobaki kiwandani, wakawa wananunua samaki mzima. Nilijifunza siku hiyo kwamba kuna chumba Brussels ambamo mtu asiyeijua Kirumba anaweza kuamua mwanangu ale nini jioni. Sisemi walikosea, mlaji wa kule naye ana haki ya kula samaki salama. Nasema nilijua uzito wa uamuzi unaotoka mbali.

Nikahamia Uingereza mwaka 2003, na kazi niliyoijua ni samaki, kwa hiyo nikaishia Grimsby kwenye kiwanda, kisu mkononi tena. Mji ule miaka ya 1950 ulikuwa miongoni mwa bandari kubwa kabisa za uvuvi duniani. Mimi niliukuta magati yamepwaya, meli zimekatwa vyuma chakavu, majengo ya barafu yana popo. Viwanda vilikuwapo, tena vingi, lakini samaki tuliowachuna walikuja kwa malori na makontena kutoka Iceland na Norway.

Jirani yangu wa ukutani alikuwa mvuvi tangu ana miaka kumi na mitano. Huyu alipiga kura za maoni mbili maishani. Ya kwanza Juni 1975, Waingereza walipoulizwa kama wabaki katika Jumuiya ya Ulaya waliyoingia 1973, na asilimia 67 wakasema ndiyo. Naye alisema ndiyo. Ya pili ni 23 Juni 2016, na safari hii alisema hapana. Nilimuuliza kilichobadilika, akanipeleka gatini akanionyesha maji matupu. Hakusema kitu, na sikuuliza tena siku hiyo.

Baadaye ndipo aliponieleza. Iceland ilipanua mipaka yake ya bahari hadi maili 200 mwaka 1975, Waingereza wakapeleka manowari, wakashindwa, mwaka uliofuata wakakubali. Hapo ndipo meli za mbali za Grimsby na Hull zilipokufa. Iceland haikuwa hata mwanachama wa Umoja wa Ulaya, na yeye alilijua hilo vizuri kuliko waandishi wa magazeti. "Iceland walitufungia kule," alisema, "tukarudi kwenye maji yetu, tukakuta Ulaya imeshayagawa." Mgawo wa samaki ulikuwa unapangwa Brussels. Yeye mwenyewe aliona meli za nchi nyingine zikivua mbele ya macho yake huku chombo chake kimefungwa kwa kuwa mgawo umekwisha.

Mwanangu, mtu wa ziwani haliruki jambo hilo. Hapa tunagawana maji na Uganda na Kenya. Kenya wana asilimia kama sita tu ya ziwa, lakini waulize wavuvi wa huko habari za Migingo, kisiwa wanachogombania na Uganda, uone mishipa ya shingo. Maji yakiwa ya wote, kila mmoja anaona mwenzake ndiye anayekula zaidi. Kwa hiyo niliposikia watu wa mjini, wasomi, wakisema watu wa Grimsby wamepiga kura kwa ujinga au kwa chuki ya wageni, nilikasirika kweli. Wilaya ile ilisema Kutoka kwa karibu asilimia 70. Hull yenu karibu 68. Huwezi kuwaita watu wote hao wajinga kisha ukategemea wakuelewe.

Mimi nilipiga Kubaki. Jirani nilimwambia kabla, hakufurahi, lakini siku hiyo tulikwenda kituoni pamoja kwa miguu, mvua ikitunyea. Sababu yangu ilikuwa mezani kwangu kiwandani. Upande wa kulia alisimama mama wa Kilithuania, kushoto Mpolandi, wote wako pale tangu nchi zao zilipoingia Ulaya mwaka 2004. Wamelipa kodi, watoto wao wanazungumza Kiingereza cha Grimsby. Hao hawakuruhusiwa kupiga. Mimi wa Kirumba, kwa sababu babu yangu alitawaliwa na Mwingereza, nilipewa karatasi. Yule mama aliniomba, "Basi wewe utupigie." Nilimpigia. Tulishindwa, 48 kwa 52.

Asubuhi yake paundi ilikuwa imeanguka kutoka kwenye dola 1.50 hadi karibu 1.33, chini kuliko wakati wowote tangu 1985. Nilikuwa najenga hapa Buswelu, fundi anasubiri hela ya bati. Nyumba ikakaa bila paa masika mazima, na mbao za kenchi zikapinda.

Na jirani yangu? Mkataba wa Desemba 2020 ulisema robo ya thamani ya mgawo wa Ulaya irudi kwa Waingereza kidogo kidogo hadi 2026. Mwaka 2025 serikali yao ikakubali meli za Ulaya ziendelee kuingia hadi 2038. Nilimpigia simu. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani laini imekatika.

Kwa hiyo, mwanangu, huyo mzee akikuuliza ungepiga wapi, muulize kwanza alivua wapi. Si ujanja wa kukwepa swali. Ukishasikia alikovua utajua unachotaka kumjibu, na yeye atakisikia.

Kutoka: Dada wa Mabatini, Leicester

Mzee, nakuheshimu sana, na habari za wavuvi zimenigusa. Lakini lazima niseme upande wangu, binti asije akafikiri yote yalikuwa huzuni ya gatini.

Huku kwetu Kubaki kulipita kwa nywele, asilimia 51. Wiki moja kabla ya kura mbunge Jo Cox aliuawa mchana, njiani. Nilikuwa zamu ya usiku, nikalia chooni. Jumatatu baada ya matokeo nilikuwa kituo cha basi na mwanangu wa miaka sita, nimemshika mkono, mwanamume akatuambia tufunge mizigo, tumepigiwa kura tuondoke. Mwanangu aliniuliza usiku, "Mama, tunaondoka lini?" Mimi sikuwa hata mtu wa Ulaya, kura ile haikunihusu kwa lolote, ila yeye aliona rangi tu. Polisi wenyewe walisema matukio ya namna hiyo yaliongezeka wiki zile.

Najua si kila aliyepiga Kutoka ni yule mtu. Najua. Lakini yule mtu alipata sauti siku ile, na wenye sababu nzuri hawakumnyamazisha. Binti, wasikilize wazee wako, na ukisikia neno la matusi kazini liandike, tarehe na saa, umpelekee meneja siku hiyohiyo.

Kutoka: Kaka wa Nyakato, Slough

Mimi nilipiga Kutoka na sijawahi kuandika hapa kwa sababu ya haya ninayoyaona.

Nilikuwa nimeoa Magu mwaka 2013. Ili mke aje, sheria ilitaka niwe na mshahara wa paundi 18,600. Nilikuwa na 16,000. Mwenzangu kazini kutoka Ulaya alimleta mke na mama yake bila kuulizwa mshahara. Wanasiasa wa upande wa Kutoka walikuja kwenye jamii zetu, Priti Patel akawaambia hata wenye mikahawa ya Kihindi kwamba tukitoka Ulaya, watu wa Jumuiya ya Madola watapata nafasi sawa. Niliamini. Nilitaka mke wangu.

Alikuja 2017, baada ya mimi kuchukua kazi ya pili ya usiku. Leo kiwango ni 29,000. Sikupata nilichopigia. Lakini binti, viza ya afya na ulezi uliyojia wewe ilifunguliwa baada ya kutoka, na kazi ya kea iliingizwa humo 2022. Kwa hiyo kuna mlango ulifunguka. Kisha Julai 2025 wakaufunga tena kwa makea wapya kutoka nje. Sijui nijivunie au nijute, na naliwaza sana.

Kutoka: Mzee wa Kirumba, Mwanza

Mwanangu wa Nyakato, hakuna wa kukulaumu hapa. Mtu anayemtaka mkewe ana sababu kamili.

Dada wa Mabatini, umenirekebisha, nakubali. Sikuwa kituo kile cha basi.

Kuna moja tu linalonikaa rohoni. Nimepiga kura ya maoni ya Waingereza. Ya kwetu sijapiga. Katiba Inayopendekezwa ilipitishwa Dodoma 2 Oktoba 2014, tukaambiwa kura ya maoni ni 30 Aprili 2015, ikaahirishwa kwa kuwa uandikishaji wa wapiga kura kwa mashine za alama za vidole (BVR) haujaisha, na haijapigwa hadi leo. Kwetu nyumbani tuligombana kweli juu ya Muungano wa serikali mbili au tatu. Mdogo wangu hakuongea na marehemu mama wiki nzima. Wote wawili walikuwa tayari na jibu lao. Mama amezikwa nalo.

Kutoka: Binti wa Igoma, Hull

Asanteni sana. Fomu tumejaza, Mghana naye kajiandikisha. Nimesoma kwamba siku hizi kituoni lazima uonyeshe kitambulisho chenye picha, na pasi yoyote ya nchi ya Jumuiya ya Madola inakubalika, kwa hiyo yangu ya Tanzania inatosha. Nimeihamishia juu kabatini.

Yule mzee nilimuuliza alivua wapi. Chai yake ilipoa. Alinichorea Iceland nyuma ya menyu ya chakula cha mchana, akaweka alama mahali meli ilipogandwa na barafu mpaka wakaivunja barafu kwa shoka usiku kucha meli isipinduke. Kisha akauliza sisi tunavua nini. Nikamwambia sangara anaweza kuzidi uzito wangu, akadhani namtania.

Mzee wa Kirumba, naomba unipigie picha mwaloni alfajiri, mitumbwi ikiingia. Anataka kuona.