MREJESHO: Andrew Mynarski, askari wa ndege ya mabomu

Wakuu, nilileta uzi nikiuliza nianzie wapi kumfuatilia Andrew Mynarski, Mkanada wa Winnipeg aliyekufa Vita Kuu ya Pili. Asanteni sana. Aliyenielekeza kwenye orodha ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ndiye aliyenifungulia njia: amezikwa Méharicourt, Ufaransa. Mengine yakafuata. Wazazi wahamiaji kutoka Poland, kazi yake kukata ngozi. Juni 1944 ndege yao ya mabomu, aina ya Lancaster, ikiwaka moto angani, alirudi kumwokoa mwenzake Pat Brophy aliyenasa mkiani, akapiga chuma kwa shoka hadi nguo na parachuti yake vikashika moto. Brophy akapona, jamani!

Ushauri wa kutafuta kumbukumbu za safari za kikosi chake umekwama; nakala nilizopata hazisomeki. Mwenye nakala safi anishtue.