Naomba ushauri: wimbo wa kuingilia ukumbini umezua ugomvi

Wakuu, habari za muda huu. Binamu yangu anaoa mwezi ujao na ameng'ang'ania maharusi waingie na "Every Breath You Take" ya The Police (1983). Kwenye kamati nimepinga. Ukisikiliza maneno, yule jamaa habembelezi mtu. Anamchunga mwanamke aliyekwishaondoka, kila hatua, kila pumzi. Sting mwenyewe, aliyeutunga na kuuimba, alishaeleza kuwa ni wimbo wa wivu na kufuatiliana. Binamu anajibu, "Nani ukumbini atachambua Kiingereza? Watu wanataka gitaa tu."

Mjomba, mpiga gitaa wa zamani, ndiyo akatia petroli: eti hata gitaa lenyewe wamemwibia Ben E. King kwenye "Stand by Me" ya 1961. Akapiga A, F♯m, D na E, akaimba nyimbo zote mbili juu ya kodi hizo (chords, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja). Na kweli zinaingia! Lakini huo ni wizi? Mfuatano huo umejaa kwenye nyimbo za miaka ya 1950, na melodi zenyewe haziko karibu. Mwaka 2023 huko New York, mwimbaji Ed Sheeran alishinda kesi iliyohusu mfuatano wa kodi kama hivi. Mjomba hataki kusikia.

Sasa nafikiria kupendekeza hiyo hiyo "Stand by Me": kodi zilezile, maneno ya kusimama pamoja gizani. Ma-MC na madijei mliomo humu, inafaa kwa kuingilia au itapooza ukumbi? Na wanamuziki, nimjibuje Mjomba bila kumkosea adabu?