Laptopu yanguruma ilhali sijafungua kitu. Nizizime programu zipi za chinichini?

Mkaazi wa Tudor
Assalam alaykum jamani. Nina laptopu ya mtumba, i5 ya kizazi cha nne, RAM 4 GB, Windows 10. Watoto waitumia kwa kazi za shule, mama watoto kwa ankara za mapishi ya harusi. Siku hizi feni haipumziki, chini pamoto hata mapajani haiwekeki, na tokeni za stima zaisha mbio. Nikibonyeza Ctrl+Shift+Esc, yafunguka Task Manager, naona programu za chinichini zaidi ya 90, nyingi zaitwa svchost. Kuna na System Idle Process yala 96. Nizime zipi? Fundi asema dawa ni RAM tu, niongeze 8 GB.

Baharia Mstaafu
Usizime svchost hata moja kwa kukisia. Ndani ya kila svchost mna huduma ya Windows: sauti, mtandao, printa. Tangu toleo 1703 la mwaka 2017, kompyuta yenye RAM zaidi ya 3.5 GB huipa karibu kila huduma svchost yake, ndiyo maana waona utitiri. Wingi si ugonjwa. System Idle Process nayo si programu inayokula kitu. 96 maana yake prosesa imekaa bure kwa asilimia 96. Na csrss.exe na wininit.exe usizijaribu kabisa, ukilazimisha utapata skrini ya buluu.

Bin Kongowea
Yakhe, swali ni diski. Kama bado ni ile ya kuzunguka, si SSD, tazama safu ya Disk. Ikikaa 100% dakika kumi baada ya kuwasha, andika resmon kwenye Start, ingia Disk, upange kwa Total utaona ni nani anayesoma. Mara nyingi ni SysMain (hupakia programu mapema), Windows Search, au antivairasi yenyewe, MsMpEng.exe. SysMain waweza kuisimamisha kwenye services.msc bila madhara. Search ukiizima, kutafuta faili kutakuwa kwa kobe.

Shemeji wa Likoni
Hayo ya tokeni umeisingizia laptopu. Chaja ya wati 65 ikivuta yote saa 24 ni yuniti moja na nusu hivi kwa siku. Kamuulize friji 😂

Dada Ganjoni
Kaka, mbona hamna aliyeuliza la kwanza? Ilipoanza kunguruma, ni nini kilichokuwa kimewekwa karibuni?

Mkaazi wa Tudor
Hakuna jipya dada. Ni Office tu.

Dada Ganjoni
Office ya kununua?

Mkaazi wa Tudor
Ya kawaida. Kijana wa mtaani alikuja na flashi.

Dada Ganjoni
Na antivairasi aliizima?

Mkaazi wa Tudor
Kidogo tu, ili kraki, ile ya kuifungua Office bila leseni, ipite, kisha akairudisha. Lakini hilo halihusiani, Office yafanya kazi vizuri na mtaa mzima watumia hiyo hiyo. Mimi nimeuliza kuhusu programu za kuzima. Na RAM nishaitolea arbuni.

Ustadh wa Majengo
Mali ya mtu bila idhini yake ni mali ya mtu. LibreOffice ni ya bure, na ankara za Excel yazifungua. Udhuru wako ni upi?

Msema Kweli
Huu uzi ni wa kutunga. Prosesa imekaa bure 96%, papo hapo feni yanguruma na chini kunaunguza? Joto latoka wapi? Huyu ni fundi anayeuza RAM, ajibu maswali kwa mafungu ili uzi usonge.

Mkaazi wa Tudor
Wallahi sina duka. Tena ajabu ni kwamba nikifungua Task Manager, baada ya muda feni hutulia. Nikiifunga, yaanza tena. Sikusema kwa kuwa najua mtanicheka.

Dada Ganjoni
Hilo ndilo lilikuwa la kuandikwa juu kabisa! Msema Kweli, hajatunga. Kuna programu za kuchimba sarafu za kidijitali, hasa Monero, zinazobebwa ndani ya kraki. Zikiona Taskmgr.exe imefunguliwa hujisimamisha, ukiifunga hurudi kazini. Kwa hivyo alichokiona ni kweli, na joto ni kweli.

Kaka, washa upya, usiifungue Task Manager, iache saa kadhaa. Kisha fungua PowerShell kama msimamizi, uandike:

Get-Process | Sort-Object CPU -Descending | Select-Object -First 10 Name,Id,CPU,Path

Hiyo CPU si asilimia. Ni jumla ya sekunde ambazo programu imetumia prosesa tangu ianze, kwa hivyo hata ikijificha sasa hivi deni lake linasomeka. Prosesa yako ikiwa na nyuzi nne, yaani yafanya kazi nne kwa pamoja, anayezitumia zote kwa saa moja hufikisha 14,400.

Mkaazi wa Tudor
Ya juu kabisa ni svchost, sekunde 61,000 na ushei. Path, yaani faili lilipo, yaonyesha AppData\Roaming. Lakini si mlisema svchost nisiguse?

Baharia Mstaafu
Svchost ya halali hukaa C:\Windows\System32. Ya AppData imejivika jina tu.

Dada Ganjoni
Usiiue kwa Task Manager, itafufuka. Fungua Windows Security, Virus & threat protection, Manage settings, ushuke mpaka Exclusions. Huenda ukakuta folda nzima, au C:\ yote, imeambiwa isikaguliwe. Ndipo "kuirudisha" kwa huyo kijana kusiwe na maana. Ondoa zote, pata apdeti za ulinzi, kisha Scan options, Microsoft Defender Offline scan. Kompyuta itajizima na kujiwasha, kama robo saa hivi. Chaja iwe imechomekwa. Ikirudi, ingia taskschd.msc (ratiba ya kazi za Windows), utafute kazi inayoanza mtu akiingia na inayoita faili la AppData au ProgramData. Hiyo ndiyo humrudisha mchimbaji huyo.

Baharia Mstaafu
Mimi ningefuta yote. Aliyeingia kwa ruhusa ya msimamizi hujui ameacha nini kingine. Hifadhi nyaraka na picha tu, faili la .exe hata moja lisitoke, kisha weka Windows upya kwa flashi ya 8 GB iliyotengenezwa kwenye kompyuta nyingine. Nywila za barua pepe na benki zibadilishwe kwa simu, si kwa hiyo laptopu. Na ujue msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kizazi cha nne hakimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11.

Mkaazi wa Tudor
Kufuta yote siwezi wiki hii, kuna harusi mbili na ankara zimo humo. Nitaanza na skani. Na RAM je? Arbuni hairudi.

Bin Kongowea
Ichukue, 4 GB ni kidogo kwa vyovyote. Ila kwa kizazi hicho hakikisha kibandiko kimeandikwa PC3L, ile ya volti 1.35. Ukipewa PC3 tupu ya volti 1.5, huenda laptopu isiwake. DDR4 haitaingia hata kwenye mfereji. Na mwambie huyo fundi akishaifungua apulize vumbi la feni na abadilishe pesti ya joto, hapa kwetu chumvi haibakizi kitu.

Msema Kweli
Bado nasubiri picha ya skrini.