Ugonjwa wa Hirayama kwa kijana wa miaka 17: tuendelee na minerve (kola ya shingo) au apasuliwe?

Kine wa Kadutu (Bukavu)
Ndugu zangu, naomba ushauri. Kijana ana miaka 17. Mkono wa kuume umekonda kuanzia kiganja hadi karibu na kiwiko, vidole vinatetemeka akivinyoosha, na kukiwa na baridi asubuhi hawezi kufunga kifungo. Hana ganzi wala maumivu. Daktari anasema ni Hirayama, ugonjwa wa mkono kukonda unaotokana na shingo, lakini IRM (picha ya sumaku, MRI) imeandikwa "kawaida". Amevaa minerve laini miezi minane na nguvu bado inashuka. Familia inauliza kama operesheni itarudisha mkono.

Docta Himbi (Goma)
Kine, anzeni na hiyo IRM. Ikipigwa shingo ikiwa imenyooka, neno "kawaida" halina uzito. Tatizo hili, alilolieleza Keizo Hirayama kule Japani mwaka 1959, hujionyesha shingo ikiinama. Utando mgumu unaozunguka ugwe wa mgongo huwa umekaza. Kijana akiinama, ukuta wa nyuma wa utando huo unavutwa mbele na kuubana ugwe usawa wa C5 hadi C7 (pingili ya tano hadi ya saba ya shingo). Damu inapungua sehemu ya mbele ya ugwe, zilipo seli zinazoamuru misuli ya kiganja, nazo zinakufa kidogo kidogo.

Ombeni picha mpya: mto chini ya kichwa, shingo imeinama kama digrii 30, picha za ubavuni na za kukata mapande kuanzia C4 hadi T1 (pingili ya kwanza ya kifua), kisha gadolini, dawa ya kung'arisha picha inayodungwa kwenye mshipa. Nyuma ya utando mtaona nafasi kama mwezi mwandamo, imejaa mishipa ya damu iliyovimba, inang'aa baada ya dawa. Shingo ikinyooka, inatoweka.

Mama Neuro (Lubumbashi)
Naongeza: kwetu Kongo msisahau ukoma. Papaseni neva nyuma ya kiwiko. Ikiwa nene, au kidole cha mwisho hakisikii mguso, hiyo huenda si Hirayama. Na angalieni msuli ulio upande wa kidole gumba, chini ya kiwiko: kwa Hirayama kwa kawaida unabaki umejaa huku wenzake wamekonda.

Kuhusu swali la familia, waambieni waziwazi: upasuaji unalenga kuzuia ugonjwa usiendelee. Wengine hupata nguvu kidogo, lakini msuli uliokwisha kufa haurudi.

Docta Himbi (Goma)
Kabisa. Operesheni inayofanywa sana ni ya mbele: chale kwenye mkunjo wa shingo, diski za C5-C6 na C6-C7 zinatolewa, kipande cha mfupa au kikasha kinawekwa, kisha bamba la titani na skurubu. Pingili zikishikana, shingo haiinami tena pale, na utando hauvutwi. Gharama yake ni kupoteza sehemu ya mwendo wa shingo maisha yote, na diski za jirani kuchoka mapema. Sauti inaweza kukwaruza, kumeza kukawa kugumu. Saa za kwanza mchungeni: shingo ikivimba na pumzi ikabana, ni damu inayojikusanya, dharura ya hapo hapo. Asivute sigara, maana akivuta mfupa unaweza usishike.

Njia ya nyuma hupanua utando kwa kiraka. Mwendo unabaki, lakini maji ya ugwe yanaweza kuvuja.

Kine wa Kadutu (Bukavu)
Aksanti sana. Sasa tufanye nini kabla ya kumtafutia daktari wa upasuaji?

Mama Neuro (Lubumbashi)
Minerve laini haijamtibu, kwa sababu kidevu bado kinashuka. Mpeni ngumu, avae mchana kutwa, hasa akisoma au akishika simu. Usiku alale bila mto mrefu. Mizigo ya mgongoni yenye kamba kwenye paji la uso, kama wanavyobeba huko Bukavu, aiache kabisa.

Pimeni kila mwezi. Kama hamna kipima nguvu, kunjeni mkanda wa kupimia presha, jazeni hadi mmHg 20, aubane kwa nguvu zote, andikeni namba ya juu. Rudieni mara tatu kila mkono. Pimeni pia mzunguko wa mkono sentimita 10 chini ya kiwiko.

IRM ya kuinama ikithibitisha na namba zikaendelea kushuka akiwa na minerve ngumu, msingoje miaka. Miguu ikianza kukakamaa, apelekwe hospitali mara moja.